SUPER BOWL: KARAMU INAYOLIPIWA KWA AKILI ZA WATU

  

Ndugu Waislamu, kila mwaka, katika Jumapili moja ya mwezi wa Februari, nchi ya Marekani hukaa mbele ya televisheni kuangalia fainali ya mpira wao wa kulipwa, mpambano uitwao Super Bowl. Tarehe 9 Februari 2025, mjini New Orleans, timu ya Philadelphia Eagles iliishinda Kansas City Chiefs kwa pointi 40 kwa 22. Huko Marekani mpambano ule ulitazamwa na watu wapatao milioni 127.7 kwa wastani, na makampuni yalilipa hadi dola milioni 8 kwa tangazo moja la sekunde 30. Ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili waliohamia nchi ile huukuta kazini, kwa majirani na katika shule za watoto wao. Na huku Afrika Mashariki wapo vijana wanaoufuatilia kwa dishi na kwa simu. Kwa saa zetu huanza karibu saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, na hauishi ila Alfajiri imeshaingia.

Wahubiri wetu wanapoutaja mpambano huu, mara nyingi huanzia na kuishia kwenye burudani ya wakati wa mapumziko: nguo, ngoma na viuno. Hatusemi kwamba hayo si munkari. Ni munkari, na kukemewa kunastahiki. Tunachouliza ni hiki: je, hilo ndilo ovu kubwa zaidi linalotendeka katika uwanja ule? Sisi tunasema, hapana. Ovu kubwa zaidi ni dhulma. Wanaume wenye nguvu na afya hulipwa ili wagonganishe vichwa mbele ya umma, akili zao zikaharibika, na wale waliotajirika kwa jasho lao wakayakana madhara hayo kwa miaka mingi. Asiyeliona hili na kuliona vazi la mwimbaji peke yake amekiona kibanzi na ameliacha boriti.

Hali ni hiyo hiyo kwa Wamarekani wenyewe. Tarehe 1 Februari 2004, katika Super Bowl iliyochezwa Houston, nguo ya mwimbaji Janet Jackson ilivuliwa kifuani kwa muda usiozidi sekunde moja. Nchi nzima ilitikisika. Tume ya serikali inayosimamia mawasiliano iliitoza televisheni ya CBS faini ya dola 550,000, ambayo baadaye ilifutwa mahakamani. Katika miaka hiyo hiyo, madaktari wa kamati ya Ligi walikuwa wakichapisha makala baada ya makala kuutuliza umma juu ya vichwa vya wachezaji. Kwa hilo hakuna tume iliyotoza faini.

MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Msomaji asiyeujua mchezo huu asidhani kuwa ni kandanda tunayoijua. Kila upande una wachezaji 11 uwanjani, na mchezo una robo nne za dakika 15. Mpira wenyewe ni wa mviringo wa yai, nao hubebwa na kurushwa kwa mikono. Pande mbili hujipanga uso kwa uso. Mpira unapotolewa, walioko mstari wa mbele hugongana kwa miili na vichwa, na aliyebeba mpira huangushwa chini kwa nguvu. Kisha hujipanga upya na kugongana tena. Hivyo ndivyo mchezo unavyokwenda tangu mwanzo hadi mwisho, na hivyo ndivyo mazoezi yanavyokwenda wiki baada ya wiki, tangu utotoni.

Utaambiwa: wanavaa kofia ngumu. Kweli, kofia hulinda fuvu lisipasuke, lakini haiuzuii ubongo usitikisike ndani ya fuvu. Chukua yai ulitikise kwa nguvu. Ganda litabaki zima, na kiini kitavurugika. Na wataalamu wamebainisha kwamba hatari haiko tu katika mapigo yanayomzimisha mtu. Yale mapigo madogo madogo, ambayo mchezaji huinuka na kuendelea kana kwamba hakuna kitu, hukusanyika mwaka hadi mwaka. Matokeo yake ni maradhi yanayojulikana kwa herufi CTE: protini iitwayo tau huganda ndani ya ubongo na kuuchakaza polepole. Mtu hupoteza kumbukumbu, hubadilika tabia, huwa mwepisi wa hasira, hukata tamaa ya maisha, na mwisho akili humtoka. Ugonjwa huu hauthibitishwi kwa yakini ila baada ya mauti, ubongo unapokatwa na kuangaliwa kwa darubini.

MAITI ILIYOTOA USHAHIDI

Mike Webster alikuwa mchezaji wa katikati katika mstari wa mbele wa Pittsburgh Steelers. Alicheza misimu 17, kuanzia mwaka 1974 hadi 1990, na alishinda Super Bowl mara nne: mwaka 1975, 1976, 1979 na 1980. Kwa kipimo cha dunia, huyu ni mtu aliyepata kila kitu. Baada ya kustaafu akili yake ilivurugika. Mali ilimtoka, ndoa ikavunjika, na kuna nyakati bingwa huyu wa mara nne alilala ndani ya gari lake. Alifariki Septemba mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 50.

Aliyeupasua mwili wake kuuchunguza hakuwa mpenzi wa mchezo. Alikuwa mtoto wa Afrika, Dakta Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliyekuwa akifanya kazi ya kuchunguza maiti mjini Pittsburgh. Kwa nje ubongo wa Webster ulionekana wa kawaida. Dakta Omalu hakuridhika. Aliukata vipande vyembamba, akaviangalia kwa darubini, na akakuta uharibifu ambao hakuutarajia kwa mtu wa umri ule. Mwaka 2005 alichapisha matokeo yake katika jarida la madaktari wa upasuaji wa ubongo.

Ligi ilimjibu vipi? Madaktari watatu wa kamati ya Ligi waliliandikia jarida lile wakitaka makala yake iondolewe. Hawakuwa wameuchunguza ubongo wa Webster. Walichokuwa nacho ni ukubwa wa wale waliowaajiri. Makala haikuondolewa. Jina la ukoo la daktari huyu, Omalu, ni kifupisho cha jina refu la Kiigbo lenye maana kwamba ajuaye na aseme. Yeye alijua, akasema. Aibu ni ya waliojua wakanyamaza.

WALIOJUA WAKAKANA

Tusije tukadhaniwa kuwa tunawasingizia watu. Tuyapange mambo kwa miaka yake, kisha msomaji ahukumu mwenyewe.

Mwaka 1994 Ligi iliunda kamati yake ya kuchunguza mitikisiko ya ubongo. Mwenyekiti wake, Elliot Pellman, alikuwa tabibu wa maradhi ya viungo na baridi yabisi, si bingwa wa ubongo. Mwaka 1999 bodi ya mafao ya wachezaji wastaafu, ambayo ndani yake wamo wawakilishi wa wenye timu na wawakilishi wa wachezaji, ilikubali kwamba Webster alikuwa mlemavu wa akili kwa sababu ya mapigo ya kichwa aliyoyapata katika mchezo. Zingatia tarehe hii. Bodi ya mafao inakiri mwaka 1999, kisha madaktari wa kamati wanakana mwaka 2005. Mkono wa kulia unaandika hundi, na mkono wa kushoto unaandika kanusho. Ilifika Machi mwaka 2016, Webster akiwa na zaidi ya miaka 13 kaburini, ndipo kiongozi mmoja wa ngazi ya juu wa Ligi alipokiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba upo uhusiano kati ya mchezo huu na CTE.

Katikati ya tarehe hizo wamelala watu. Dave Duerson alishinda Super Bowl mara mbili: akiwa na Chicago Bears mwaka 1986, na akiwa na New York Giants mwaka 1991. Baada ya kustaafu alikuwa mjumbe wa bodi ile ile iliyokuwa ikiamua madai ya ulemavu ya wachezaji wenzake. Mafaili ya waliovurugikiwa na akili yalipita mikononi mwake. Februari mwaka 2011, akiwa na miaka 50, alijipiga risasi ya kifua. Hakujipiga kichwani, na aliacha ujumbe ukiomba ubongo wake upelekwe kuchunguzwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston waliuchunguza na wakakuta CTE. Mwaka uliofuata Junior Seau, aliyewahi kucheza Super Bowl mbili, naye alijiua kwa risasi ya kifua akiwa na miaka 43. Uchunguzi ulikuta maradhi yale yale.

Sisi hatuhalalishi mtu kuiua nafsi yake, na hukumu ya aliyevurugikiwa na akili iko kwa Mola wake. Lakini tunauliza: ni mchezo gani huu ambao bingwa wake hufikia kuulinda ubongo wake ili uwe ushahidi, baada ya kukata tamaa ya kuuponya?

HATA KATIKA FIDIA, UBAGUZI

Zaidi ya wachezaji wastaafu 4,500 waliishitaki Ligi. Agosti mwaka 2013 Ligi ilikubali kulipa dola milioni 765 bila kukiri kosa. Jaji alihofia kwamba fedha hizo hazitatosha, na mwaka 2015 mahakama ikaidhinisha mapatano mapya yasiyo na kikomo cha malipo. Zaidi ya dola bilioni 1 zimeshalipwa. Mtu akisoma mpaka hapo atasema: haki imetendeka. Basi na asome yaliyoandikwa kwa herufi ndogo.

La kwanza: fidia kwa ajili ya CTE yenyewe ilitengwa kwa waliofariki kabla ya mapatano kuidhinishwa Aprili mwaka 2015. Aliyekufa baada ya tarehe hiyo, hata ubongo wake ukikutwa umejaa maradhi hayo, jina hilo la CTE peke yake haliwapatii warithi wake fidia hiyo.

La pili ni zito zaidi. Ili mchezaji alipwe kwa kupotewa na akili, hupimwa kwa maswali na mitihani ya kumbukumbu. Katika kupima, ilitumika kanuni iliyochukulia kwamba mtu mweusi, tangu hapo, kiwango chake cha akili ni cha chini kuliko cha mtu mweupe. Kwa hiyo wachezaji wawili wakipata alama sawa, mweupe anaweza kuhesabiwa kuwa amepungukiwa na akili akalipwa, na mweusi akaambiwa kuwa hiyo ndiyo hali yake ya kawaida. Na wachezaji wengi wa Ligi hiyo ni weusi! Mwaka 2020 wachezaji wastaafu wawili, Kevin Henry na Najeh Davenport, walikwenda mahakamani kulipinga jambo hili. Mwaka 2021 Ligi iliahidi kuiacha kanuni hiyo, na Machi mwaka 2022 jaji aliidhinisha iondolewe na waliopimwa kwayo wapimwe upya.

Fahamu maana yake, ewe ndugu yangu. Uwanjani, nguvu za mweusi zilihesabiwa kuwa bora na zikanunuliwa kwa mamilioni. Kwenye meza ya fidia, akili ya mweusi huyo huyo ikahesabiwa kuwa duni ili isilipwe. Huu si ukoloni wa karne zilizopita. Ni jambo la juzi, katika nchi inayozifundisha nchi nyingine haki za binadamu.

SHUBHA NA MAJIBU YAKE

Watetezi wa mchezo huu wanazo hoja, na insafu inatutaka tuzisikilize.

Kwanza, husema: “Wachezaji wamechagua wenyewe.” Tunajibu: ridhaa haisimami bila ya elimu. Muuzaji anayeficha aibu ya bidhaa yake ni mdanganyifu, hata kama mnunuzi alisaini kwa furaha. Webster na Duerson walicheza wakati ambapo hakuna aliyewaeleza hatari hii. Na mtoto anayeingizwa katika mchezo huu akiwa na miaka minane amechagua nini?

Pili, husema: “Wanalipwa vizuri.” Tunajibu: wanazuoni wetu, akiwemo Imam al-Ghazali na Imam ash-Shatibi, wamebainisha kwamba sheria imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, nasaba na mali. Mali haiwi badali ya akili. Pombe imeharamishwa kwa kuwa huifunika akili kwa saa chache. Tuseme nini basi juu ya kazi inayoiondoa akili isirudi tena?

Tatu, husema: “Bongo zilizochunguzwa ni za wale ambao jamaa zao walikuwa na shaka tayari, kwa hiyo hesabu imepinda.” Hoja hii ina ukweli, na watafiti wenyewe wameisema. Mwaka 2017, katika bongo 111 za wachezaji wa Ligi, walikuta CTE katika 110. Haijuzu kusema kwamba wachezaji wote wanao ugonjwa huo kwa kiwango hicho. Lakini mwaka 2023 hesabu ilikuwa 345 katika 376. Hata ukizipunguza namba hizi kwa sehemu kubwa, bado hakuna kiwanda ambacho kingeachwa kiendelee hivi hivi kwa maiti za wafanyakazi wake.

Nne, husema: “Kanuni zimebadilishwa.” Ni kweli. Tangu mwaka 2018 ni kosa kuinamisha kichwa ili kumgonga mwenzako, na mwaka 2024 ulibadilishwa utaratibu wa kuanzisha mchezo ili kupunguza migongano ya mbio. Tunalikubali jema lililofanywa. Ila mgongano ndio mchezo wenyewe. Kuupunguza ni wema, na kudai kwamba umekwisha ni uongo.

KAMARI JUU YA VICHWA VYA WATU

Juu ya dhulma hii imewekwa kamari. Mei mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliitengua sheria ya mwaka 1992 iliyozizuia serikali za majimbo mengi kuruhusu kamari ya michezo. Ligi, ambayo kwa miaka mingi ilijionyesha kuwa adui wa kamari, mwaka 2021 ilitia saini ushirikiano na makampuni ya kamari, na Februari mwaka 2024 ikaipeleka Super Bowl Las Vegas, mji wa kamari. Kijana wetu anayebeti usiku wa manane kwa simu yake huku Mombasa au Dar es Salaam, ajue anachokiwekea fedha. Anacheza maysir juu ya mtu anayepoteza ubongo wake. Hizo ni haramu mbili katika tiketi moja.

MTU ALIYECHAGUA AKILI

Katika mchezo huo huo Allah ametupa mfano wa kuzingatia. Husain Abdullah ni Muislamu aliyecheza katika Ligi hiyo. Mwaka 2012 yeye na ndugu yake Hamza waliuacha msimu mzima ili wakahiji. Tarehe 29 Septemba 2014, akiwa na Kansas City Chiefs, aliunyaka mpira wa wapinzani, akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja, akasujudu kumshukuru Mola wake. Mwamuzi akamhesabia kosa na timu yake ikaadhibiwa yadi 15. Kesho yake Ligi ilikiri kwamba hakustahiki adhabu hiyo.

Magazeti ya Kiislamu duniani yaliisherehekea sijda ile, na sisi tuliifurahia. Lakini sijda ile haikuwa jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya. Mwaka 2016, akiwa na miaka 30, baada ya kupata mtikisiko wa ubongo wa tano, aliustaafu mchezo. Alieleza kwamba aliitazama afya yake na familia yake, na kwamba kwa maisha yaliyo mbele yake anahitaji akili timamu. Alikuwa bado na umri wa kucheza. Aliziacha fedha akaichukua akili. Uamuzi huu haukuoneshwa tena na tena kwenye televisheni kama ile sijda, na hakuna aliyeupigia makofi. Kwetu sisi, huo ndio unaostahiki kuhutubiwa siku ya Ijumaa.

SISI TUFANYE NINI?

Hatutoi fatwa katika ukurasa huu ya kila anayetazama mchezo. Tunasema yale ambayo hayahitaji mufti.

Kwanza, wahubiri wetu walipange neno lao sawasawa. Anayekemea ngoma ya mapumziko na akanyamazia vichwa vinavyovunjwa kabla na baada yake hajatimiza haki ya kukataza maovu. Dhulma haiwi ndogo kwa kuwa aliyedhulumiwa ni tajiri, wala kwa kuwa si wa dini yetu.

Pili, wazazi walioko Marekani wanaoletewa fomu za shule ili wana wao wajiunge na timu, wasisaini kwa kuona fahari. Wauulize uongozi: watoto hugongana mara ngapi kwa wiki? Nani anawaangalia wakipigwa kichwa? Na ipo michezo mingine isiyodai kichwa cha mtoto.

Tatu, tulioko huku tusijione tuko mbali. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walionesha kwamba wachezaji wa zamani wa kandanda ya kulipwa ya Uskochi walikufa kwa maradhi ya kuchakaa ubongo mara 3.5 zaidi ya watu wengine. Mwaka 2020 Uingereza ikasimamisha mazoezi ya kupiga mpira kwa kichwa kwa watoto wa shule za msingi. Katika viwanja vya madrasa zetu watoto hupigishwa mpira kwa kichwa mara kumi mfululizo na mwalimu akawasifu. Na katika ndondi, ambako kichwa ndicho shabaha, vijana wetu hupanda ulingoni kwa ujira usiofika nauli ya kwenda hospitali. Mtoto akigongwa kichwa akapepesuka, atolewe uwanjani siku ile na asirudi mpaka aangaliwe na daktari. Hilo halihitaji fedha. Linahitaji mwalimu anayeijua thamani ya amana aliyokabidhiwa.

Kikombe wanachopewa washindi wa Super Bowl hutengenezwa upya kila mwaka. Ubongo wa mwanadamu umeumbwa mara moja, na kwa huo mtu humjua Mola wake, humtambua mama yake na hukumbuka rakaa aliyofikia. Atakayeulizwa juu yake siku ya Hisabu si mchezaji peke yake. Ataulizwa aliyeununua, ataulizwa aliyeficha, na ataulizwa aliyekaa akishangilia hali ya kuwa anajua.